Safu ya Penseli

Siku saba kabla ya kuapishwa kwangu, alikuja mtu ofisini kuniuzia dhamiri.

Aliitwa Gwakisa Mwaijande, na kama hujawahi kukutana naye, hujakosa kitu. Suti ya kijivu, viatu vinavyong'aa katika mji ambao tope lake halikauki miezi tisa ya mwaka, na begi lililojaa vitabu vyembamba. Alivipanga mezani kwangu kimoja kimoja kama mtu anayepanga nyanya sokoni, halafu akaweka kando yake kifaa cha ukubwa wa redio ndogo.

"Hongera tena, Mheshimiwa Subilaga. Mlinzi wa Mvuke wa kwanza aliyewahi kushika spana! Umeshachagua kitabu cha pili?"

"Bado."

"Ndiyo maana nimekuja."

Hapa Lusungu, mgongoni mwa mlima Rungwe, kiongozi huapa kwa vitabu viwili. Cha kwanza ni cha imani yake. Hicho ni kati yake na Mungu wake, na hakuna anayemuuliza. Cha pili ni kati yake na sisi. Kinaweza kuwa kitabu chochote, hata cha kuandikwa kwa mkono, ilimradi yeye mwenyewe akichague. Siku ya kiapo kitabu hicho huwekwa ndani ya mashine tunayoiita Msomaji, na Msomaji hukisoma ukurasa kwa ukurasa: maneno, yaliyofutwa, yaliyorudiwarudiwa, hata mahali kalamu ilipokandamizwa kwa hasira. Kutokana na hayo inatengenezwa akili moja isiyojua kitu kingine duniani isipokuwa kitabu kile. Tunaiita Sauti. Inakaa juu ya meza ya kiongozi miaka mitano. Kila anapotaka kupiga muhuri, Sauti inamuuliza swali moja, kama ambavyo kitabu kile kingeuliza kingekuwa na mdomo. Muhuri haufunguki mpaka ajibu, na swali na jibu vinatokea papo hapo kwenye mbao za matangazo za kila mtaa.

Waliobuni utaratibu huo ndio waliochimba kisima cha kwanza cha mvuke wa ardhini, unaotupashia nyumba joto. Waliogopa sana mtu atakayeshika valvu. Walichosahau ni kwamba mtu huyohuyo ndiye atakayechagua kitabu.

"Angalia hiki," Gwakisa alisema, akatia kitabu cha kwanza ndani ya kile kifaa, ambacho kumbe kilikuwa Msomaji wa majaribio. Kikanguruma kidogo. Ikatoka sauti ya upole, ya kike.

"Je, leo umewatakia watu wako mema?"

"Nimewatakia," Gwakisa akajibu, na taa ya kijani ikawaka. Alinigeukia akitabasamu. "Umeona? Miaka mitano yote itakuwa hivyo. Hutasumbuliwa, na mbao za mitaa zitapendeza."

Nilimwona kuwa mshenzi, lakini sikushangaa. Niliyempokea ofisi, Mheshimiwa Kasyupa, aliapa kwa kitabu cha hotuba za harusi. Siku alipofunga mvuke wa mtaa wa Ndobo ili viwanda vya chai vipate zaidi, Sauti yake ilimuuliza kama amefurahi pamoja na wenzake. Akajibu amefurahi. Muhuri ukafunguka, na Julai ile watoto wa Ndobo walikwenda shule wamevaa soksi mikononi. Huo ni mwaka wa pili sasa. Mimi nilishinda uchaguzi kwa ahadi moja tu, kwamba amri yangu ya kwanza, palepale uwanjani, itakuwa kuwarudishia Ndobo mvuke wao.

"Ninacho kitabu," nilimwambia. "Daftari la marehemu mama yangu. Alikuwa mshona nguo."

Gwakisa alifikiri, kisha uso ukamchanua. Alisema watu wangelia. Aliomba tulijaribu siku hiyohiyo.

Daftari la mama lilikuwa kwenye droo yangu tangu nihamie ofisi ile. Miaka thelathini ya vipimo vya watu: bega, kiuno, urefu wa mkono, na pembeni maneno yake madogo. *Huyu ana mimba, hajasema, acha nafasi. Huyu bega moja limeshuka, usimtajie, weka pamba.* Msomaji mdogo alichukua dakika kumi kulimaliza. Halafu akauliza kwa sauti ambayo haikuwa ya mama, ila ilikuwa na haraka yake:

"Nguo hii itambana nani?"

Ilibidi nitazame dirishani. Hata Gwakisa alikohoa. Lilikuwa swali zuri, kiongozi yeyote angebahatika kuulizwa swali hilo kila asubuhi. Nilimwambia basi, nimepata, na akafunga begi lake bila kuniuzia kitu, jambo ambalo nadhani halikuwahi kumtokea.

*

Kesho yake asubuhi nilikaa na jalada la Ndobo. Bomba la kwenda kule lina urefu wa kilomita nne, linapita chini ya mto na chini ya nyumba kadhaa zilizojengwa juu yake wakati sheria zilipokuwa zimelala. Kabla ya kulifungua, wahandisi wa mkandarasi walitakiwa kulikagua. Ripoti yao ilikuwa na kurasa kumi na moja, picha za rangi na saini tatu. Nilisoma kila mstari, maana hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kwa mikono yangu miaka kumi na tisa. Mstari wa mwisho ulisema: *Mashaka: hakuna.*

Nikarudisha kikombe cha chai mezani.

Mtu aliyewahi kufanya kazi Kisima Namba Nne hawezi kulisoma neno hilo akafunga tu ripoti. Pale tulikuwa na kitabu cha zamu, kama visima vyote. Anayetoka anaandika mgandamizo, joto, valvu zipi wazi, zipi zimefungwa. Lakini cha kwetu kilikuwa na safu moja ya ziada ambayo makao makuu hawakuijua. Ilipigwa mstari kwa penseli ukingoni mwa ukurasa na waendeshaji wa kwanza kabisa, nasi tuliendelea kuipiga kila tulipofungua ukurasa mpya. Juu yake iliandikwa *Nisichokijua*. Kila anayetoka zamu lazima aandike pale jambo moja kuhusu mitambo asilolijua. *Sijui kwa nini pampu ya pili inapiga kelele mvua ikinyesha. Sijui kama Mwakipesile aliikaza ile nati au alisema tu.* Anayeingia anaanza kusoma hapo kabla ya kusoma namba yoyote. Ndivyo tulivyofanya kazi, na kwa miaka thelathini na moja tulipata majeruhi mmoja tu.

Katika miaka hiyo yote, kuna zamu moja tu ambayo mtu aliandika *Hakuna*. Mwandiko ni wangu.

Nitasema yote, kwa kuwa nimeshayasema mbele ya watu wengi zaidi. Ilikuwa saa nane mchana. Geji ya laini ya sita ilikuwa imetetemeka mara mbili kisha ikatulia, nami sikujua kwa nini. Wiki ile wakaguzi walikuwa wanakuja, na mimi nilikuwa nawania usimamizi wa zamu. Nilitaka ukurasa wangu uonekane msafi. Nikaandika *Hakuna*, nikavua ovaroli, nikaenda nyumbani. Lugano Mwambene alinipokea. Saa tisa na nusu laini ya sita ilipasuka ikamwunguza mkono wa kulia kuanzia begani. Uchunguzi ulisema bomba lilikuwa limechakaa. Hakuna aliyeuliza habari za safu ya penseli, maana haikuwemo kwenye fomu. Mwezi uliofuata nilipewa usimamizi wa zamu, na kutoka hapo nilipanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka nikafika kwenye kiti hiki.

Nilitoa daftari la mama kwenye droo nikalitazama muda mrefu. Kasoro yake niliiona siku ile. Lilikuwa daftari jema la mtu mwema, na ndani yake mimi nilikuwa mtoto tu, nimeandikwa mara tano kila nilipoongezeka urefu. Sikuwa nimemkosea mtu yeyote katika kurasa zile. Ningeapa kwa uaminifu wa mama yangu, na Sauti ingeniuliza maswali mazuri bila kunijua.

*

Kisima Namba Nne kilipofungwa, waendeshaji walikubaliana kitabu kikae kwa Lugano. Sikuhudhuria kikao hicho. Nilisema nina safari.

Nilimkuta kwenye kitalu chake cha miche ya parachichi, nyuma ya nyumba, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akibebesha, yaani akiunga kikonyo cha mti mzuri kwenye shina la mche. Alikuwa ameshika shina kwa mkono wa kulia, ule ambao vidole vitatu vimeshikana kama vilivyogandishwa, na mkono wa kushoto ukichonga kikonyo kwa kisu chembamba. Alifunga utepe kwa meno. Hakuinua kichwa.

"Ugonile, kaka Lugano," nilimsalimu.

"Ndaga, Suba. Vua hivyo viatu, unanikanyagia miche."

Nikavua. Tulizungumzia mvua, tukamzungumzia mtoto wake aliye Songea, nikasifia miche. Nilisifia sana. Mwishowe akaweka kisu chini.

"Miaka ishirini na miwili hujafika hapa. Umekuja kununua parachichi?"

"Nimekuja kuomba kitabu cha zamu. Nataka kuapa nacho."

Alicheka, na halikuwa cheko la kunifurahisha.

"Umesahau kilichomo?"

"Sijasahau hata siku moja. Geji ya laini ya sita ilitetemeka, kaka. Niliiona. Nikaandika Hakuna kwa sababu ya wale wakaguzi."

Alichukua mche mwingine, akaugeuza, akaurudisha.

"Najua. Siku ile niliingia, nikaanza na safu ya penseli kama kawaida. Nikasoma Hakuna. Nikasema moyoni, leo Suba ametuachia mitambo mizuri. Sikuvaa hata glovu."

"Ulijua siku zote? Kwa nini hukusema kwenye uchunguzi?"

"Nilikuwa nasubiri uje useme wewe."

"Miaka ishirini na miwili?"

"Ulikuwa na vikao vingi."

Nililia hapo, kwa sauti, mtu mzima wa miaka hamsini na moja nimesimama pekupeku kwenye matope. Hakunibembeleza. Alinipa kitambaa cha kufutia visu.

"Sikiliza," alisema nilipotulia. "Sijakusamehe, kwa taarifa yako. Kuna siku nakusamehe kabisa, halafu asubuhi nashindwa kufunga kifungo cha shati, nakurudisha palepale. Kitabu nitakupa, ni cha kisima, si cha kwangu. Lakini usisimame pale uwanjani ukasema Lugano amenisamehe. Usinifanye mfano wa kitu chochote. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Na ukurasa ule usiguse."

"Siugusi."

Aliingia ndani, akatoka nacho kimefungwa kwenye mfuko wa mbolea, kizito kama jiwe la kusagia. Nilipokuwa nafunga viatu akaniuliza, kana kwamba ni jambo dogo tu, kama nimeona ripoti ya bomba la Ndobo. Nikamwambia nimeona, na inasema mashaka hakuna. Akarudi kwenye ndoo yake akaendelea kuchonga.

*

Gwakisa aliniona na kile kitabu siku mbili kabla ya kiapo, na kwa mara ya kwanza alinihurumia kwa dhati. Mtu yule hakuwa mbaya kiasi nilichodhani. Alikaa, akafungua, akasoma safu ya penseli kwa nusu saa, na alipofika kwenye neno langu hakuhitaji kuelezwa.

"Mheshimiwa, unajua utaratibu. Swali la kwanza Sauti inauliza uwanjani, mbele ya wajumbe arobaini wa mitaa. Ukishajibu, wananyoosha mikono. Usipopata nusu, uchaguzi unarudiwa."

"Najua."

"Itakuuliza hili. Ni neno moja kati ya maelfu ambalo haliko sawa na mengine. Msomaji hawezi kuliruka." Alishusha sauti. "Ukurasa mmoja ukitoka, gamu ya zamani, panya... Hakuna atakayejua."

"Yuko anayejua. Anabebesha parachichi."

"Tuseme utavuka hapo." Alivua miwani. "Miaka mitano, kila amri, itakuuliza usichokijua. Na utajibu, na itatokea kwenye kila ubao. Watu hawamtaki kiongozi asiyejua, Mheshimiwa. Wataogopa. Nimefanya kazi hii miaka kumi na minne, na ninakwambia kama ndugu: watu wanalala vizuri wakiamini kwamba kuna mtu mmoja huko juu anayejua."

Nilihisi huenda yuko sahihi, na hilo ndilo lililonitisha kuliko kura. Kupoteza kiti ningeweza, ningerudi kuuza ushauri wa mabomba. Lakini ningewapa watu wa Lusungu hofu juu ya baridi yao? Daftari la mama lilikuwa palepale kwenye droo. Lingewabembeleza. Nililitoa na kulirudisha mara ngapi sijui, kisha siku ya kiapo ikafika.

*

Uwanja ulijaa kabla ya saa nne, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mabomba. Watu wa Ndobo walikuwa mbele, wamekuja na ngoma kusherehekea mvuke wao. Lugano nilimwona nyuma kabisa, ameegemea nguzo, mkono mfukoni.

Niliapa kwa kitabu cha kwanza. Kisha Bi Tumpe, karani wa viapo, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, akapokea kile cha pili. Alikipima mkononi.

"Kinaitwaje?"

"Kitabu cha zamu, Kisima Namba Nne."

Minong'ono ikapita. Waliokuwa waendeshaji niliwatambua kwa namna walivyonyamaza.

Vitabu vya kiapo kwa kawaida humalizika kusomwa kabla kwaya haijamaliza wimbo mmoja. Hiki kilichukua dakika arobaini. Mwanga wa Msomaji ulikuwa ukifika ukingoni mwa kila ukurasa, kwenye penseli iliyofifia, ukisita, ukirudi. Kwaya iliishiwa nyimbo. Watu wakaanza kula karanga. Halafu ikatoka Sauti, na sijawahi kusikia nyingine kama ile, kwa kuwa haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa na kikohozi cha mvuta sigara na uchovu wa mtu anayetoka zamu.

"Tarehe tisa Juni, zamu ya asubuhi, mwendeshaji aliandika Hakuna. Kulikuwa na nini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno. Yote yalipotea. Nikasema tu ilivyokuwa: geji, wakaguzi, cheo nilichokuwa nakitaka. Nikasema kwamba mwenzangu alisoma neno langu akaingia bila glovu, akaungua, na mimi nikapandishwa. Sikutaja jina lake na sikusema lolote kuhusu msamaha. Nilipomaliza, ngoma za Ndobo zilikuwa chini na hakuna aliyekuwa akitafuna.

Sauti ikasema, "Imepokelewa," kama tulivyokuwa tunajibiana mlangoni wakati wa kupokezana.

Bi Tumpe akaita wajumbe wanyooshe mikono. Mkono wa kwanza ulichelewa sana kunyooka. Ukaja wa pili, ikaja mitano kwa pamoja, kisha mikono ikakoma, nikasema basi, yamekwisha, na cha ajabu nilijisikia mwepesi. Kutoka safu ya nyuma mikono ikaendelea, mmoja mmoja, ya watu waliokuwa wakinitazama bila kutabasamu. Bi Tumpe alihesabu mara mbili. Ishirini na mitatu.

"Ameapishwa," akasema, na waliopiga makofi walipiga kidogo. Hawakuwa wamenipenda. Walikuwa wameamua kunijaribu, na mimi sikuwa nimestahili zaidi ya hapo.

Wakaniletea amri ya Ndobo juu ya mto wa velveti. Ngoma zikainuliwa. Nikaweka muhuri juu ya karatasi.

"Ni nini usichokijua?" Sauti ikauliza.

Nilimwona Gwakisa kwenye viti vya wageni akifunika macho. Mbele yangu kulikuwa na akina mama wa Ndobo, wamejifunga mablanketi mabegani mwezi wa Julai, wananisubiri niseme neno lolote tu taa iwe ya kijani. Ningeweza kusema sijui watafurahi kiasi gani. Lingekuwa jibu, na wangenibeba juujuu.

"Ripoti ya bomba inasema mashaka hakuna," nilisema. "Haisemi kama kuna mtu aliyefukua akaliona bomba kuanzia mtoni mpaka kwenye nyumba. Picha zote ni za kipande cha juu, kabla ya mto. Miaka miwili limekaa na unyevu. Sijui kama litashika."

Taa ikawa ya kijani. Nilikuwa nimejibu, na muhuri haukutaka zaidi ya hilo. Mkono wangu ulikuwa juu yake, na uwanja mzima ukinitazama kwa ile hofu aliyoniambia Gwakisa. Kweli niliiona. Mzee mmoja alikuwa akitikisa kichwa, mtu mwingine akauliza kwa sauti sasa tulimchagua wa nini.

Ndipo mwanamke mmoja wa Ndobo akasimama. Mrefu, mweusi tii, mtoto mgongoni.

"Mimi najua," alisema.

Bi Tumpe akamwambia wananchi hawazungumzi wakati wa amri. Nikamwomba amwache.

"Unaitwa nani, mama?"

"Nsubisye. Nyumba yangu iko juu ya bomba. Mwaka wa pili huu mnasema mmefunga, lakini ukuta wangu wa chumbani unatoka jasho na sakafu ina joto sehemu moja. Watoto wanagombania kulala pale. Sikusema kwa sababu..." Akatazama wenzake. "Nilidhani mkijua mtatukatia na hicho kidogo."

"Hata kwangu," akasema mwingine, akisimama. "Maharage yaliyo juu ya ile laini yamekauka mizizi."

"Kisimani kwetu maji yana ladha ya kutu tangu Machi."

Wakasimama sita, wakasimama kumi. Mzee aliyekuwa akitikisa kichwa kumbe aliwahi kuchomelea bomba lile, na akasema kwamba pale mtoni waliunga kwa kipande cha chuma kisicho chake, kwa kuwa siku ile cha kwake hakikufika. Alilikalia jambo hilo miaka kumi na saba na hakuna aliyewahi kumuuliza. Nikaondoa mkono kwenye muhuri. Kumbe valvu ya juu, ile iliyolifunga bomba hilo, ilikuwa inavuja, na mvuke kidogo tu ulikuwa umeshafika mpaka vyumbani mwa watu. Nami nilikuwa karibu kuufungua wote.

"Kwa hiyo leo hatupati?" Nsubisye aliuliza. Alikuwa amekasirika, na alijua kwamba yeye ndiye aliyejikosesha.

"Leo hampati."

Nilivua joho. Sikuwa na mpango wowote, nilijua tu kwamba siwezi kukaa kwenye kiti kile. Nikamwuliza kama ana jembe nyumbani, akasema anayo mawili, tukashuka. Nusu ya uwanja ilitufuata. Lugano alikuwa ametangulia. Tulipofika, alikuwa amepiga magoti chumbani kwa Nsubisye, kiganja cha mkono mzima kikiwa sakafuni, akitafuta mahali pa joto.

"Hapa," alisema. "Pole pole."

Tulifukua kwa zamu, wahandisi wa mkandarasi wakiwa wamesimama mlangoni na saini zao. Bomba lilikuwa nusu mita chini ya godoro la watoto. Nilifuta udongo kwa kitambaa, nikalibonyeza kwa kidole gumba, na chuma kikabonyea.

Nsubisye alimshusha mtoto mgongoni akamkumbatia mbele. Lugano alitazama kidole changu, akatazama chuma, kisha akanipa mkono, ule wa kulia, nikaushika akanivuta kutoka shimoni. Haukuwa msamaha, nami sikuuliza. Ulikuwa mkono wa mtu wa zamu moja.

Tulitoa magodoro yote nje kabla ya saa nane, nyumba tisa, tukapeleka watu kufunga valvu ya juu kwa minyororo. Jioni ubao wa mtaa ulikuwa bado unaonyesha swali lile na jibu langu, na chini yake watu walikuwa wamebandika vikaratasi vya nani anajua nini, vingi mpaka vimefunika fremu.

Nsubisye alinikuta nikinawa tope kwenye bomba la maji.

"Sasa mvuke lini?"

"Sijui, mama. Kesho saa mbili nitakuja kukwambia nilichokijua mpaka hapo."

Alinipima kwa macho kuanzia miguuni.

"Saa mbili nitakuwa nimeshachemsha chai," alisema. "Usichelewe."